Mwaka Tuliokaa Mtoni

Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu mpaka mwisho, na mto hakuutaja. Alisema Shangazi Sekela alibatizwa, akaimba kwaya, akalima viazi na pareto, akalea watoto wake na wa wenzake, akaugua kwa muda mfupi, akapumzika. Yote yalikuwa kweli. Lakini Atupele, binti wa kaka yake, aliyekuwa amekaa nami mkekani, alinifinya mkono na kuninong'oneza, "Vumi, wamesahau mto." Nikaziba mdomo kwa kanga, kwa sababu kicheko kilinipanda pale pale msibani, na wanawake waliokuwa mbele yetu wakadhani nalia, wakaanza kunibembeleza. Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa, kichwa kina mvi, na watoto wa darasa la tatu hawaamini kwamba Madam Vumilia amewahi kukimbia kitu kingine zaidi ya mvua. Siwalaumu. Basi naandika mimi kile ambacho wasifu ulikiacha: mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ambao mama yule mnene, aliyekuwa hajawahi kukimbia hata kufukuza kuku, alitufanya mimi na mpwa wake kuwa wanariadha.

Nilifika Uyole, Mbeya, kutoka Iringa nikiwa na begi moja na raba zilizokwisha soli, nimeitwa na Kocha Lutengano, mwalimu wa sekondari aliyekuwa na kundi dogo la wasichana wa mbio ndefu. Aliniona nikikimbia kwenye mashindano ya shule, akanitafutia mahali pa kulala kwa Shangazi Sekela, nyuma ya soko, mahali ambapo malori ya Tunduma yalipunguza mwendo na kuitikisa sufuria ya maharage jikoni. Chumbani nilikaa na Atupele. Kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha moja la mbao na ukuta usiofika kwenye bati, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilipanda juu na kututelemkia sisi kama vumbi. Jiko lilikuwa nje, la mabanzi, na asubuhi za mwezi wa sita, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, sote tulisongamana humo tukimenya viazi huku moshi ukitutoa machozi. Tulikula viazi, tukala mbalaga, zile ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na maharage, tukala maparachichi makubwa kama viatu vya mtoto. Shangazi alikuwa na imani moja kuhusu riadha: mtu akila akashiba, atakimbia. Sahani yangu aliijaza kuliko ya Atu, na mimi niliirudisha tupu.

Kukimbia nilikimbia. Jumamosi tulipanda barabara za udongo mwekundu kuelekea milima ya Uporoto, katikati ya mashamba ya viazi, na mara nyingi nilifika juu wa kwanza, nikageuka na kuwangoja wenzangu. Shida ilikuwa kesho yake. Wenzangu waliamka wakijinyoosha, mimi nikaamka nimekauka kama kuni. Mapaja yaligoma, vigimbi vilikuwa mawe, magoko yaliwaka moto. Kuchuchumaa chooni ilikuwa safari, na kuinuka huko ilikuwa safari ya pili. Nilipaka dawa ya kuchua mpaka chumba kikanuka kama zahanati, na bado siku mbili zilipita kabla miguu haijakubali tena kuwa yangu. Leo nikimwona mtoto shuleni anachechemea baada ya michezo, huwa namwita kando na kumuuliza anaumwa wapi, kwa sababu najua jinsi ilivyo kuona aibu juu ya mwili wako mwenyewe. Mimi nilidhani ni uvivu umejificha kwenye misuli, kwa hiyo nilijilazimisha zaidi, na kadiri nilivyojilazimisha ndivyo nilivyozidi kukauka.

Jioni moja Kocha alikuja kunywa chai. Mimi nilikuwa chumbani nimelala chali, miguu nimeiegemeza ukutani. Nilisikia kikombe kinawekwa, kisha sauti yake ya chini.

"Yule mtoto wa Iringa ana pumzi, Mama. Sijawahi kumfundisha mwenye pumzi kama yeye. Lakini mwili wake haurudi. Akikimbia leo, kesho ni gogo. Na mashindano ya kanda ni siku mbili mfululizo, mita elfu tano Jumamosi, elfu kumi Jumapili. Nina nafasi mbili tu. Nafikiri mwisho wa mwezi nimrudishe kwao."

Nikasikia Shangazi anapuliza chai yake.

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi utamwambia wewe. Mimi mtu anayekula ugali wangu vile siwezi kumwita gogo."

"Kuna jambo moja hajalijaribu," Kocha alisema. "Maji. Anaogopa maji."

Lilikuwa kweli. Kocha alikuwa amerudi kutoka semina ya makocha na habari kwamba wanariadha wakubwa, wakimaliza mazoezi magumu, hukaa kwenye mabeseni ya maji yenye barafu ili misuli itulie na maumivu yapungue. "Wao wana barafu," alituambia, "sisi Mungu ametupa mto." Na kweli chini ya mashamba ulipita mto mdogo uliotoka milimani, maji yake masafi, na baridi yake ilikuwa ya kung'ata. Wenzangu walikuwa wameanza kuingia, wakipiga kelele. Mimi nilisimama ukingoni na koti langu. Nililelewa nikijua kwamba mtoto aliyelowa hupata nichomi, na kwamba baridi ikiingia mwilini haitoki. Tena kisimani kulikuwa na maneno mengine. Jirani yetu mmoja aliniambia wazi, ndoo kichwani, "Binti, mwanamke akikaa kwenye maji ya baridi anafunga kizazi. Hao wanaume hawawaambii." Kwa hiyo Kocha alipoita, nilisema nina mafua. Nilikuwa na mafua mwezi mzima.

Baada ya jioni ile mafua yaliisha. Jumamosi iliyofuata tulirudi kutoka milimani, nikavua raba na soksi, nikashuka mtoni na kaptula yangu kabla sijaitwa na mtu. Atu alinishika mkono. "Usisimame," aliniambia. "Ukisimama utafikiri. Kaa moja kwa moja." Nikakaa. Sijui niieleze vipi baridi ile. Hewa ilinitoka yote, na haikurudi. Nilisikia sauti ya mbuzi, kisha nikagundua ni mimi. Miguu iliniuma kama imebanwa na mlango, nikamwita mama yangu, nikamwita Yesu, na Atu aliyekaa kando yangu, maji kiunoni, alikuwa akicheka huku meno yakigongana. "Pumua, Vumi! Toa pumzi taratibu, kama unapoza uji!" Nikapoza uji. Nikapoza tena. Na polepole maumivu yakageuka ganzi, ganzi ikageuka utulivu wa ajabu, nikaanza kusikia ndege. Kocha alisimama ukingoni amegeuka upande mwingine kwa heshima, akatuita tutoke, tukajifuta, tukavaa masweta, tukatembea nyumbani tukitetemeka na kucheka kwa kitu ambacho hakuna mtu mwingine angekielewa.

Kesho yake niliamka kwenda kanisani nikachuchumaa kuokota kiatu chini ya kitanda. Nilikiokota, nikasimama, nikashtuka. Nikachuchumaa tena kwa makusudi. "Unatafuta nini?" Atu aliuliza. "Sitafuti kitu," nikamjibu. Maumivu yalikuwepo, sitadanganya; mto haukuwa muujiza. Lakini yalikuwa maumivu ya mtu aliyefanya kazi, si ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori. Jumatatu nilikimbia. Mwisho wa mwezi ulipofika, Kocha hakuja kunywa chai.

Ila karibu tuupoteze mto wenyewe. Atu alikuwa na tabia moja, mpaka leo anayo: kitu kikiwa kizuri, anataka kingi zaidi. Siku moja ya mwezi wa saba, Kocha akiwa kwenye kikao shuleni, alikataa kutoka majini. "Dakika kidogo tu, ndiyo kwanza patamu." Wenzetu walikuwa wametangulia. Nikamwita, akanijibu, nikamwita tena, ulimi wake ukawa mzito kama wa mlevi. Nilirudi majini nikamvuta kwapani, na miguu yake ikaburuzika kama ya mwanasesere. Nilimbeba mgongoni kupita katikati ya shamba la viazi la watu, midomo yake imekuwa rangi ya zambarau, nikaingia naye jikoni, na Shangazi akadondosha mwiko. Tulimvua, tukamfunga mablanketi, tukamkalisha mbali kidogo na moto, tukamnywesha chai ya tangawizi kijiko kwa kijiko. Alipoanza kutetemeka, Shangazi alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Mungu wangu," kisha akaanza kulia, kisha akaanza kufoka, na hakuacha mpaka Kocha alipoletwa.

"Umenipa watoto niwalaze na niwalishe," alimwambia, amesimama mlangoni, Kocha akiwa bado nje. "Hukuniambia unawatia kwenye friji. Huyu akifa nitamwambia nini kaka yangu? Kisimani wananicheka, wanasema Sekela anafuga vyura. Basi! Kuanzia leo hakuna mto."

Kocha hakubishana. Aliomba msamaha, akavua kofia, na akasema kosa si maji, kosa ni kukosa mtu mzima wa kuyasimamia. Alieleza kwamba maji yale ni kama dawa, ukizidisha kipimo inakuwa sumu. Shangazi alimsikiliza mikono kiunoni. Kisha akanigeukia mimi, nisiyetegemea kuulizwa.

"Wewe, Iringa. Yanakusaidia au mnacheza?"

"Yananisaidia, Shangazi. Bila maji yale ningekuwa nimesharudi kwetu."

Alinitazama sana. Ndipo nilipojua kwamba alijua nilisikia mazungumzo yale ya chai. Ukuta ule ulikuwa wake, alizijua tabia zake. Akachukua mwiko sakafuni, akaufuta kwa kanga. "Jumamosi nitakuja mwenyewe," akasema.

Akaja. Alishuka kwenye mteremko ule kwa makalio, akilalamika kila hatua, na kapu lenye chupa ya chai, vikombe na mablanketi. Akakaa juu ya jiwe. Kocha akatoa saa yake ampe, akaikataa. "Mimi siangalii saa, mimi naimba," alisema. Alichagua wimbo wa tenzi aliokuwa ameujaribu jikoni ukalingana na dakika za Kocha, wenye beti nyingi, na utaratibu ukawa huo: ubeti wa kwanza tunakaa, ubeti wa mwisho tunatoka, na aliyechelewa kutoka baada ya "Amina" anakosa chai. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, ilijaza bonde. Wanawake waliokuwa wakipalilia upande wa pili walisimamisha majembe, na baada ya wiki chache wakaanza kuitikia. Yule jirani wa kisimani alikuja siku moja kushuhudia vizazi vikifungwa. Alibaki kuimba sauti ya pili. Mimi nina watoto watatu, Atu wanne, kwa hiyo hilo nalo limejibiwa. Shangazi aliuchukua mto kama alivyochukua kila kitu, kwa mikono miwili. Siku za katikati ya wiki, tulipopanda kilima kifupi kwa kasi tena na tena, ambazo Kocha alisema misuli inajengwa na iachwe iume yenyewe, yeye ndiye aliyetukumbusha: "Leo hakuna kuimba. Kaleni, mlale." Na mwezi wa nane Kocha alipotusimamisha mstarini kutaja majina mawili ya kwenda Iringa kwenye mashindano ya kanda, alitaja Atupele, kisha akataja Vumilia. "Na Mama Sekela," akaongeza. "Tutaondokaje bila saa yetu?"

Tulifikia Mlandege, mtaa niliokulia, na kwa kuwa kwetu hapakutosha wageni, tukakaa kwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa vitunguu aliyenijua tangu natambaa. Alivifuata vitunguu vyake Ruaha Mbuyuni, na nyumba yake yote, tangu ukumbi hadi ua, ilinukia magunia. Alitupa chumba kizuri cha wageni, zulia na mito, akamkaribisha Shangazi kwa kahawa na kashata, na katika saa moja wanawake wale wawili walikuwa wakiongea kama waliozaliwa tumbo moja. Jumamosi tukakimbia elfu tano, jua la mchana likiwa juu ya vichwa vyetu kama sinia la moto. Mshindi wa kila mbio angeitwa kwenye kambi ya taifa. Wengine wangerudi nyumbani. Msichana mmoja mrefu, mzaliwa wa kaskazini aliyewakilisha mkoa wa jirani, ambaye kila mtu alimtaja kwa hofu, aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho, na hapo Atu wangu akampita, mikono imetawanyika kama anayefukuza ndege shambani, akashinda. Nilipiga kelele huku bado nakimbia. Mimi nilikuwa wa nne. Na nilipovuka mstari nilijua: magoko yanawaka, mapaja yameshaanza kukaza. Kesho yake kulikuwa na elfu kumi, na Mlandege haina mto.

"Barafu basi," Kocha alisema tulipofika uani. "Tununue barafu." Lakini Jumamosi jioni barafu ya kujaza pipa ingetoka wapi? Bi Zuhura alisikiliza, akauliza mara mbili ili ahakikishe kwamba kweli tunataka kumtia mtu kwenye barafu kwa hiari yake. Kisha akaita mkwewe. Yule mkwe aliuza barafu za ubuyu kwa wanafunzi, zile za kufungwa kwenye vifuko vya plastiki, na friji yake ilikuwa imejaa mpaka kifuniko hakifungi. "Lete zote," Bi Zuhura akasema. "Shangazi yake huyu ametoka Mbeya kwa ajili hii." Pipa la maji ya mvua likasogezwa katikati ya ua, likatiwa maji nusu, barafu zikamwagwa, na mimi nikapanda juu ya gunia la vitunguu, nikaingia.

Shangazi alianza wimbo wake pale pale, kwenye ua wa Bi Zuhura, bila kuuliza. Niliona Kocha anajikunja kwa wasiwasi. Bi Zuhura aliinua mkono. "Mwache aimbe, Mungu ni mmoja. Ila beti zisiwe ndefu sana, mwenzangu, mtoto anageuka samaki." Nikapoza uji wangu. Kisha vifuko vikaanza kupasuka kimoja kimoja chini ya miguu yangu, na maji yakawa ya waridi, kisha mekundu, kisha mekundu kabisa. Nilipotoka kwenye "Amina", miguu yangu ilikuwa imepakwa rangi ya ubuyu kuanzia kiunoni hadi kwenye kucha. Tulisugua kwa sabuni, tukasugua kwa limau, ikagoma. Atu alicheka mpaka akalala juu ya magunia. Bi Zuhura alilamba kidole chake. "Angalau ni mtamu," akasema. Jioni ile tulikula wali wa nazi na maharage, nikalala kama jiwe lililofika chini ya mto.

Jumapili mchana, kwenye mstari wa kuanzia, yule msichana wa kaskazini aliiangalia miguu yangu. "Dada, umeungua?" aliniuliza kwa huruma ya kweli. "Hapana," nikamjibu, "nimeoga." Bastola ikalia. Kwa mizunguko mingi sikufanya lolote ila kumfuata, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilikuwa nikingoja gogo. Nililijua gogo langu, nilijua linavyoanza, kwanza kwenye kigimbi cha kushoto, kisha nyuma ya goti. Nilingoja nusu ya kwanza, halikuja. Nilingoja jua lilipotupiga usoni, halikuja. Atu, aliyekuwa ameshapata nafasi yake na angeweza kujipumzisha, alikimbia nami bega kwa bega mpaka alipochoka, kisha akanipiga mgongoni na kusema, "Nenda, Vumi, yako hiyo." Pumzi ya yule mrefu ilibadilika; ilianza kukwaruza. Yeye naye alikuwa amekimbia jana, na jana ilikuwa imemkalia miguuni. Ndipo nikaelewa kwamba yangu haikunikalia. Zilibaki duru mbili. Kutoka jukwaani nikasikia sauti nzito na pana ikianza wimbo, ubeti wa kwanza, na kando yake sauti nyembamba ya Bi Zuhura ikipiga vigelegele kati ya mistari.

Nikaondoka. Sina neno lingine. Nilimpita nje ya kona na sikuangalia nyuma, na kila nilipoiomba miguu kitu, ilinipa na kuniuliza kama nataka zaidi. Watu wa Mlandege walikuwa wamesimama juu ya viti wakiita jina langu. Kocha alikimbia ndani ya uwanja mahali ambapo hakuruhusiwa, kofia mkononi, na mwamuzi aliyemfukuza naye alikuwa anacheka. Nilivuka utepe peke yangu, hakuna mtu mbele, hakuna mtu karibu nyuma, na sikusimama. Niliendelea kuipiga kona, mikono juu, miguu myekundu. "Umemaliza!" walinipigia kelele. "Dada, umemaliza! Simama!" Atu alivuka wa tatu, akaniona, akaacha kuelekea kwenye maji ya kunywa, akanifuata akiniita mwendawazimu, akanifikia, tukashikana mikono. Nilijua nimemaliza. Miguu ndiyo ilikuwa bado, nikaiacha ikimbie.